Kiganja cha Yaya

Kila ninapotwanga sombe, harufu ya majani mabichi ya muhogo hunirudisha uani kwetu Butembo, na mchi unakuwa mzito mkononi.

Siku ninayoikumbuka, aliyetwanga alikuwa yaya, dada yangu mkubwa. Zamani kidogo alikuwa amefungwa kamba jikoni, kwa sababu alisikia sauti na kukimbilia barabarani bila nguo. Halafu hospitali ikampa vidonge. Polepole akarudi: akaoga mwenyewe, akanisuka nywele, akacheka. Kila jioni, akishakula, alimnyooshea mama kiganja apewe kidonge, bila kukumbushwa.

Asubuhi ile tulikuwa tumekwenda misa ya shukrani kwa kupona kwake, mkungu wa ndizi kichwani. Wamama wa kikundi cha sala wakamwambia mama, "Mutu mwenye Mungu amesha ponyesha, hapana kunywa tena dawa. Ile ni kukosa imani."

Mama alikubali. Pakiti ya vidonge alinipa mimi, nikaidumbukiza chooni. Nilijivuna kutumwa kazi kubwa namna ile.

Jioni tulikula sombe yake. Yaya akanyoosha kiganja, bado kina rangi ya majani.

"Mama, dawa yangu?"

"Dawa ya nini? Mais lakini uko muzima!"

Alinitazama mimi, kisha akasema taratibu, "Donc basi mutafute tena ile kamba."

Kamba ile ilikuwa pale pale uani, sasa ya kuanikia nguo. Nguo yake ya misa ilikuwa inakaukia juu ya kamba hiyo.