Dubu wa Ukutani

Harufu ya kaniki iliyoloa ukungu, imechanganyika na moshi wa kuni, bado inanitia hasira. Ndiyo harufu ya darasa letu la misheni, huko juu milimani Uluguru, enzi za Mjerumani. Ukutani palitundikwa picha ya mnyama mnene mwenye manyoya, amelala pangoni. Tukaambiwa huyo ni dubu wa Ulaya, na kwamba hulala majira yote ya baridi bila kula. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani. Dubu hajawahi kumwona, lakini alimweleza utadhani walilelewa pamoja. Hulala kwa nini? Kwa sababu ya baridi. Tuliliimba jibu hilo kipupwe kizima, meno yakigongana, na mama zetu wako mashambani tangu alfajiri wakipalilia maharage. Baridi gani hiyo ya kulaza mtu? Sisi ilituamsha.

Sasa baba alikuwa ameweka sharti. Siku ya mtihani, nikijibu vizuri mbele ya wazazi, nitaendelea na shule. Nikishindwa, jembe linanisubiri. Ikafika zamu yangu, nikaulizwa dubu. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mimi na ubishi wangu! Nikasema hulala kwa sababu chakula hakuna, kama konokono wa shambani kwetu anayejifungia ndani ya gamba kiangazi kizima, jua linawaka, mpaka mvua ilete majani. "Mimi nakuuliza dubu, wewe unaniletea konokono," mwalimu akasema. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Njiani akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, methali ambayo nimeichoka kuliko zote, na kesho yake nikakabidhiwa jembe.

Juzi mjukuu wangu wa kike, anayesoma Morogoro mjini, kaja na kitabu chake. "Bibi, unajua dubu hulala kwa nini? Wakati wa baridi hapati chakula." Ati ananifundisha mimi. Na yeye kwa jibu hilohilo kapewa alama zote, kapanda darasa, wala hakuna aliyecheka. Nikamnyang'anya kitabu niuone mstari wenyewe kwa macho yangu. Nikakiinamia, nikakigeuza huku na huku. Herufi zote nilikwisha kuzisahau. Ikabidi nimrudishie anisomee tena, na haya unayoyasoma pia, yeye ndiye anayeniandikia.