Asubuhi za Mdogo Wangu

Kwa miaka mitatu niliamini kwamba methadoni, ile dawa ya maji wanayopewa watu wanaoacha heroini, humfanya mtu asahau kwao. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu, hapa Tabora, aliniapia: shemeji yake aliinywa wiki mbili tu, akarudi nyumbani akamwamkia mkewe "Shikamoo, mama," kisha akasimama uani kungoja akaribishwe. Nilimwamini kuliko redio.

Nilikuwa na sababu. Mdogo wangu alikuwa Dar akinywa dawa hiyo, na Idi zote hizo hakuja hata moja. Nikimsihi, jibu lake ni lile lile: "Kaka, siwezi kukosa asubuhi." Asubuhi gani hizo zisizoisha? Mama alimwekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka magunia yakagusa dari. Nazidisha, lakini si sana. Kila pikipiki iliposimama mlangoni alijitanda khanga upya. Nami, kwenye kitanda tulicholala wawili tangu utotoni, bado nalala ukingoni.

Basi zahanati moja ikaniita niwafunze wauguzi namna ya kuwapokea watumiaji wa heroini. Cheti changu ni cha masomo ya jioni, ila walitaka mtu ambaye ndugu yake amepitia hayo. Nikasimama mbele kama waziri.

"Msiwaite mateja," nikasema. "Kijana akikuamkia, itika marahaba kwa moyo, kama vile ni mseminari wa Kipalapala. Akiomba sindano safi, mpe bila mahubiri. Ukimfukuza, ataazima ya mwenzake."

Wakaandika. Nikanogewa. "Na mkimpa methadoni, mwandikieni jina la mama yake kiganjani. Mdogo wangu ameshatusahau."

Wakaangua kicheko, mpaka walipoona sicheki. Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha dawa hiyo Dar, akafunga daftari lake.

"Mwalimu, huyo mdogo wako anapiga simu?"

"Kila Ijumaa. Anamuulizia mama. Hata mbuzi anawaulizia."

"Sasa amesahau nini, baba? Dawa ile inanywewa kila siku, mbele ya muuguzi. Akikosa siku tatu, anaanzishwa upya kwa dozi ndogo. Hapa kwetu bado hatuitoi. Treni kuja na kurudi ni siku ngapi? Haji kwa sababu akija ataikosa. Mchukue mama, mwende nyinyi."