Trela Tuliyoifunga Namatala

Mafundi wa kuchomelea siwapendi. Wanachelewa, wanacheka ovyo, na ukiwapa kisogo tu wanaanza kukusengenya kwa lugha yao. Nilifanya kazi ya magereza hadi nikastaafu, lakini sauti yangu haikustaafu, na siku ile nilikwenda nayo Mbale.

Mke wangu alikuwa amepata oveni ya mikate huko, kuukuu lakini nzima, yenye milango miwili ya kioo. Alikuwa ameitamani tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Nyumbani kwetu Walukuba, mjini Jinja, alikwisha kupaka rangi chumba cha mbele, na wateja wake wa mandazi walikuwa wakimuuliza mikate itaanza lini. Kazi yangu ilikuwa kuifikisha oveni Jinja bila mkwaruzo.

Mwenye pikapu alichelewa, nikamfokea, akageuza gari akaenda zake. Mfanyabiashara mmoja Mkenya aliyekuwa na duka jirani akatuonea huruma, akatuazima trela yake ndogo ya magurudumu mawili. Gari langu ni la juu, lenye nguvu, lakini nyuma halikuwa na kitu cha kuvutia trela. Ndipo tukaenda mtaa wa Namatala, pale pale Mbale, kutafuta fundi.

Fundi tuliyempata alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Alijilaza chini ya gari, akachungulia, akatoka akijifuta mikono. Akanieleza taratibu kwamba bampa ni urembo tu. Chuma cha kuvutia hufungwa kwa boliti kwenye chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari, kulia na kushoto, mzigo ukavutwa na gari zima. Ingebidi afungue bampa, atoboe matundu, nirudi kesho. Hiyo kesho ndiyo iliyonipandisha hasira.

“Choma kwa bampa,” nikamwambia.

“Afande, hapa nguvu hakuna.”

“Sikuuliza wewe nguvu iko wapi. Nimesema choma.”

Upande wetu huu watu wengi walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa mwenye bunduki, na mwenye bunduki habishiwi. Nililijua hilo, nikalitegemea. Mimi ni mtu wa kaskazini, mke wangu ni Mgisu, tulikutana kwenye nyumba za askari, na hata ndoa yetu imeendeshwa kwa Kiswahili hicho hicho.

Fundi alivaa miwani yake, akamwambia mwenzake maneno machache kwa Lumasaba, lugha ya Wagisu, na mwenzake akamtazama mke wangu. Yeye alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani. Akainamisha macho. Nikajua wananitukana, nikawaambia wafunge midomo wafanye kazi. Jua halijafika utosini tukawa tumepakia oveni, tuko barabarani, nami nikajisifu njia nzima kwamba watu hawa bila kusukumwa hawaendi.

Tulivuka mabwawa ya mpunga ya Tirinyi salama. Baada ya Namutumba, kabla ya kufika Iganga, kuna matuta ya barabarani. Kwenye tuta la kwanza nilisikia kitu kinalia nyuma, sikusimama. Kwenye la pili gari likawa jepesi ghafla. Niliona kwenye kioo trela inakwenda mtaroni peke yake, imeng'ang'ania bampa yangu. Mwendesha baiskeli mmoja aliruka akaponea chupuchupu. Oveni ilianguka kifudifudi. Vioo vyote viwili vilikwisha, na ubavu wake ulikuwa umekunjamana kama debe lililokanyagwa na ng'ombe.

Nilitukana. Nilimtukana fundi, mwenzake, Namatala yote, na aliyetengeneza matuta. Niliapa kurudi siku hiyo hiyo nimweke ndani yule mzee kwa kuniharibia mali makusudi. Mke wangu alikuwa ameshuka mtaroni, anaokota trei moja moja na kuzifuta kwa kanga yake. Hakulia. Afadhali angelia.

“Wacha yule mtu,” akasema. “Alisema. Alisema hii chuma haifiki Iganga, na alitaka mimi nikuambie.”

Hasira yangu ilihama pale pale, ikamwangukia yeye. Nikamuuliza ni mke wa namna gani anayesikia neno kama hilo akalifungia mdomoni Mbale mpaka Namutumba. Nikamuuliza kama amesahau kwamba oveni ni yake, si yangu. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika ukingoni mwa barabara, nami sikupunguza sauti.

Alipanga trei zake vizuri kwanza, kubwa chini, ndogo juu. Kisha akainua macho akaniangalia.

“Mzee, mimi nilipima,” akasema. “Oveni ivunjike, ama wewe unigombeze mbele ya wale mafundi. Nikachagua ivunjike.”