Karani wa Majani na Wadudu wa Bahari

Hezekiah ni karani wa majani chai kwenye kituo chetu cha kununulia, hapa karibu na Roret. Kama kuna mtu hajawahi kurudishiwa majani na yeye, huyo hana shamba. Miaka kumi na tisa anamwaga gunia lako mezani, anapitisha vidole, anatupa kando kila jani lililokomaa. Anataka majani mawili na chipukizi, basi. Hata Rodah mkewe humrudishia. Siku hizo sijui humpikia nini.

Bahari hajawahi kuiona. Lakini binti yake Fancy, kati ya masomo yote, alienda chuo kikuu kusomea wanyama wa baharini. Aprili akaja nyumbani na chupa ya spiriti, ndani yake wadudu wa jamii ya kaa na kamba, wamejikunja, kila mmoja kama punje ya mchele. Alikuwa amewachota mwenyewe pwani, kwenye maji ya magotini. Kufikia Jumatatu alitakiwa kumwandikia mwalimu wake ni aina gani, kati ya mbili zinazofanana kama mapacha. Akikosea, anarudia mwaka.

Jumamosi, mimi jirani yao, nikipeleka maziwa kwao, nikamkuta ameinamia hadubini, macho mekundu.

"Shangazi, wote ni sawa. Nimeangalia thelathini."

"Hata mimi nawaona sawa," nikamwambia. "Wote wanangoja kukaangwa."

Hezekiah hakucheka. Alimwaga chupa kwenye sahani, akachukua kibanio cha Fancy, na kabla hatujasema kitu alikuwa kazini. Wadogo huku, wakubwa kule.

"Baba, unafanya nini?"

"Nachambua. Hawa laini ni wazuri. Hawa wamekomaa, hawafai."

Akawakusanya waliokomaa, akaelekea mlangoni. Kuku walikuwa wameshajipanga.

"Karani!" nikapiga kelele. "Hayo si majani yangu!"

Fancy akamnyang'anya. Akaweka mmoja chini ya hadubini. Akaweka wa pili. Kumbe aina zile mbili hutofautiana kwenye mkono wa mbele wa dume, tena mpaka awe amekomaa. Watoto wao wote wanafanana. Na Fancy, siku mbili nzima, alikuwa anachagua wadogo tu, wale laini, wasio na kasoro. Binti wa karani angechagua nini?

"Ana jino moja kwenye kiganja," akasema. "Baba, ni jino moja! Nimempata!"

"Si nilikwambia nachambua," Hezekiah akajibu, kana kwamba kuku hawakumwona.

Ripoti ilienda Jumatatu. Alhamisi mwalimu akajibu: ni sawa, amepita.

Ijumaa nikapeleka gunia langu kituoni. Hezekiah akamwaga, akapitisha vidole, akatupa kando konzi nzima ya yaliyokomaa.

"Karani, si waliokomaa ndio waliompitisha Fancy?"

"Ndio, Mama Duke," akasema bila kuinua kichwa. "Basi haya mpelekee yeye."