Mwaka wa Msiba Kiwanjani

Siku ya tisa baada ya kumzika mume wangu nilivaa raba zangu, nikachukua filimbi, nikashika njia ya kwenda kiwanjani. Haukuwa ujasiri. Ilikuwa Jumanne, na Jumanne saa kumi tulikuwa na mazoezi. Kichwani hamkuwa na wazo lingine.

Nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule ya kanisa hapa Kasongo, na jioni nilifundisha wasichana kumi na sita mpira wa miguu. Wengine walikuwa wanafunzi wangu, wengine binti za wenye maduka Waislamu wa mjini, waliocheza na suruali ndefu na vitambaa kichwani. Mipira yetu ilikuwa miwili, mmoja umeshonwa na fundi viatu mara nyingi hadi ukawa unadunda upande.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alisimama mlangoni.

“Shemeji, mujane anaenda kwenye mupira? Watu watasema nini?”

Sikuwa na hasira hata kidogo. Maneno yake niliyasikia kama ya watu wanaozungumza ng'ambo ya mto. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mchele. Hakuinua macho.

“Muache aende,” akasema. “Hapa anakaa sawa na mutungi. Labda kule atapata jasho.”

Nikaenda.

Timu ile niliianzisha na sheria moja. Anayechelewa anazunguka kiwanja mara nne, kisha anasimama mbele ya wenzake kusema mwenyewe kwa nini amechelewa, bila kusingizia mvua wala mama yake. Wazazi niliwaambia wasiniulize habari za kombe, wanipe miaka. Miezi ya kwanza wasichana walilia. Mwaka wa pili walianza kuzunguka kabla sijawaambia.

Kapiteni wao alikuwa binti mrefu wa mkulima wa muhogo, wa upande wa barabara ya Nyangwe. Alipokuja alipiga kwa mguu wa kulia tu; akijaribu wa kushoto anaanguka. Nilimpa ukuta wa nyuma ya shule: kila asubuhi, kabla ya kengele, mara mia kwa mguu wa kushoto. Mwaka mzima ukuta ulipigwa ovyo, na walimu wenzangu wakanung'unika kwa makelele. Palikuwa na wachezaji wazuri kuliko yeye. Nilimpa ukapiteni kwa sababu hakunidanganya hata siku moja juu ya ile mia. Siku aliyopiga sitini, alisema sitini.

Basi nilirudi kwao, na miezi ikapita. Nilipuliza filimbi, nilirekebisha miguu, nilipanga chupa za plastiki wapite katikati yake. Mtu akifunga goli wenzake wanamkumbatia, mimi natazama mpira nikiwaza kwamba unahitaji pampu. Nyumbani wali haukuwa na ladha.

Siku moja nilichelewa. Nilipofika walikuwa wamekwisha kuanza. Kapiteni aliushika mpira kwa mikono miwili, mchezo ukasimama.

“Madamu, umechelewa.”

“Ndiyo.”

Aliubana mpira kifuani.

“Sheria iko moja tu. Mutu akichelewa anazunguka mara ine.”

“Lakini Madamu iko na kilio,” akasema mdogo mmoja nyuma yake.

“Najua. Sheria haisemi kilio.”

Nilikaza kitenge changu cheusi kiunoni, nikakimbia. Mzunguko wa tatu pumzi ilikatika, nikatembea hatua chache, nikakimbia tena. Wao walisimama wakihesabu kwa sauti. Nilipomaliza nilisimama mbele yao kama wanavyosimama wao.

“Nilikaa kitandani na kiatu mkononi,” nikasema. “Nilisahau kukivaa. Niliposhtuka jua lilikuwa limeshuka.”

Hakuna aliyecheka, wala aliyenipa pole.

“Asante, Madamu,” kapiteni akasema, akautupa mpira chini.

Nadhani ningepaswa kuona haya, au fahari. Nilisikia kichomi tu, ubavu wa kushoto, kikanishika mpaka nilipolala.

Kiangazi tulialikwa na timu ya Wamaza, kule Kabambare. Tulikwenda kwa pikipiki, wasichana wawili wawili nyuma ya kila dereva, tukafika wekundu wa vumbi mpaka kope. Tulifungwa mbili kwa moja. Goli lao la pili lilitoka upande wa kapiteni wetu: msichana mfupi mwenye mbio alimpita, dakika za mwisho. Katika darasa walimobadilishia nguo, wenzake walianza kumlaumu mwamuzi. Yeye akasimama.

“Musitafute mwamuzi. Miye ndiye nilimuacha apite. Nilichoka, nikatembea pahali pa kukimbia.”

“Kesho utafanya nini?” nikamuuliza.

“Kesho iko Jumapili. Jumatatu nitakimbia.”

Hakulia. Nami nikaitikia kwa kichwa, nikawaambia wafunge mizigo.

Njiani pikipiki moja ilikata mnyororo. Tulingoja kando ya barabara, karibu na mama aliyeuza ndizi za kuchoma na karanga. Nilikuwa kwenye ndizi ya tatu kabla sijajua kwamba nakula.

“Madamu, unasikia njaa?” kapiteni akauliza.

“Nasikia.”

Akanisogezea karanga zake. Nikazila zote, pamoja na zilizoungua.

Machozi hayakuja siku ile, wala mwezi ule. Yalikuja baadaye sana, kwa jambo dogo la shati la mwanamume lililosahauliwa kwenye kamba ya nguo. Mwaka uliofuata Wamaza walitufunga tena. Mwaka wa tatu tulitoka sare, na mashabiki wao wakatupigia makofi. Kapiteni yule sasa anasomea ualimu. Wawili wameolewa, mmoja wao ameniletea mdogo wake nimfundishe.

Wasichana wa mwaka huu wanaogopa mpira. Ukija kwa juu wanafumba macho na kuinama. Jana mmoja alifumbua jicho moja.