Nani alirudisha kipini chekundu kwenye saa ya frigo ya Uvira?

Mikono ya Melkiori ilikuwa imenizunguka kifua kwa nyuma, na mikono ile haikutaka tena kufunguka.

Nilimwita. Nikamwita tena, kwa jina la nyumbani kwao. Hakuitika. Moteri ilikuwa inaunguruma ukutani, giza tupu, na maji ya macho yangu yalikuwa yameganda hapo hapo kwenye mashavu.

Ndipo nilijua nimebeba marehemu mgongoni.

Wakuu, hodi humu ndani.

Nimeanzia pale pabaya kusudi mujue sikuja kuchekesha. Haya yalinipata minye mwenyewe, sikusimuliwa na muntu. Mutanivumilia maandishi: shule niliacha darasa la pili, na mukono wa kuume umebaki na dole gumba na kidole cha mwisho tu. Naandika na dole gumba. Vingine vilikwenda wapi, mutaona.

Kilichonileta ni ule uzi wa juzi, wa kijana anayejiita Mtoto wa Anaclet. Anasema baba yake ndiye aliyeongoza frigo ya kwanza ya samaki pale kwetu Uvira, muntu wa maendeleo, na mpaka leo muzee huyo iko hai kule Bukavu. Mumemupigia makofi mengi.

Muntu mumoja akauliza: "Si ndiyo ile frigo wezi wawili waligandia?"

Kijana akajibu: "Hao hao, hahaha."

Mwizi mumoja ni minye. Mwingine ni Melkiori.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, inaelekea kuisha, Wabelgiji wangali wanatawala. Minye nilikuwa kijana nimetoka kuoa. Uvira ya wakati ule, wakuu, acheni tu. Barabara inafagiliwa. Asubuhi mitumbwi ikirudi, unasikia harufu ya ndagala mupaka kule juu mulimani, na wamama wanashuka na mabeseni wakitaniana na wavuvi.

Frigo ilijengwa karibu na maji. Nyumba ya ukuta munene, mulango wa mbao na zinki wenye komeo la chuma upande wa inje. Upande wa ndani hakukuwa na kitu cha kushika. Mwenye mali alikuwa Muzungu mumoja tulimwita Mikono-Nyuma, kwa sababu alitembea hivyo, mikono nyuma, kama iko anatafuta kitu alichoangusha.

Siku barafu ya kwanza ilitoka, ilikuwa kama sikukuu! Wamama walileta watoto waguse. Mama mumoja alishika kipande akakitupa chini, akapiga kelele: "Inauma! Hii si maji, iko na meno!" Tulicheka mupaka tukakaa chini.

Melkiori yeye alikuwa muntu wa Nyakabere, mulimaji, Murundi wa kule uwandani Ruzizi. Mufupi, mabega mapana, kila siku ya Mungu kanisani. Tulipewa kazi pamoja ya kupanga samaki. Utani haukuisha.

"Weye mutu wa mihogo," ninamwambia, "ukianguka ziwani utaota mizizi."

"Na weye mutu wa maji," anajibu, "nikikupa jembe utalipigia kasia."

Siku moja akaomba kipande cha barafu ampelekee mama yake. Akakifunga na pumba za muchele, gunia juu ya gunia, akapanda kamio, lori ya kubeba pamba, mupaka njia ya kwao, akatembea sehemu iliyobaki anakimbia. Alipofika, gunia limelowa tu. Mama akalikunja, akalikamua juu ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, akasema, "Mwanangu, umenitolea maji Tanganyika, na Ruzizi inapita hapa nyuma ya nyumba?"

Alinisimulia ile kila mwezi, na kila mwezi nilicheka kama mara ya kwanza.

Sasa nije kwenye ile saa. Habari yote iko pale.

Inje ya mulango, ukutani, kulikuwa na kasha ya chuma. Ukiifungua unaona saa ya duara, lakini hii haina mishale. Ni sahani yenyewe inazunguka polepole, mara moja kwa siku. Pembeni mwake kuna matundu, na mu matundu unachomeka vipini viwili. Cheupe kikifika juu, kinalaza moteri. Chekundu kikifika juu, kinaiamusha. Ni hivyo tu. Unapanga vipini, mashini inajua yenyewe saa ya kulala na saa ya kuamuka.

Mikono-Nyuma aliipanga ilale saa sita ya muchana, iamuke saa tisa. Alisema mabomba yanajaa barafu ya bure, lazima yapumuzike yayeyuke, na kwa hiyo mulango ubakie wazi kidogo joto liingie. Sisi tulisema ni kwa sababu nyumba yake iko karibu na iko anataka kulala bila kelele. Pengine vyote viwili.

Akakataza muntu kugusa vipini vile. Minye, Melkiori, hata komi wake. Komi, yaani karani, ndiye Anaclet.

Ile masaa ya mashini kulala ndiyo ilikuwa utamu wetu. Munajua jua la Uvira saa saba. Sisi wawili tunaingia, tunatandika magunia nyuma ya makasha ya samaki, mikeke na sangala, tunalala kwenye ubaridi ule mwepesi, mabomba yanadondosha maji tii, tii. Hatukuwa na saa ya mukono. Moteri ikiamuka, tunajua ni saa tisa, tunatoka, tunafunga mulango, tunaendelea. Mikono-Nyuma alijua. Alituambia mwenyewe: mulale popote, lakini saa tisa mulango ufungwe.

Hata sasa nikifunga macho nasikia yale maji yanadondoka, na Melkiori anakoroma. Sijalala tena usingizi mutamu kama ule.

Ile jumamosi wengine wote walitoka saa sita. Sisi ilikuwa zamu yetu kungoja mupaka saa tisa tufunge. Tukaingia, tukalala.

Anaclet alikuwa mu ile cercle, chama cha maevolue, Waafrika waliosoma, wenye kofia na kalamu ya mufukoni. Jumapili yake walikuwa na karamu, na yeye aliahidi rafiki zake bia yenye barafu kama ya Wazungu. Barafu haikutosha. Kwa hiyo, muchana ule wa jumamosi, Mikono-Nyuma akiwa kitandani, Anaclet alikuja, akafungua kasha, akakitoa kile kipini chekundu kwenye tundu la saa tisa, akakichomeka nyuma, mashini iamuke mara moja. Na kwa vile mashini inafanya kazi, mulango lazima ufungwe. Akaufunga.

Hakuchungulia. Hakuita.

Ndani, sisi tukashituka na moteri.

Nikamwambia Melkiori, "Ni saa tisa, amuka."

Akasema, "Leo usingizi ulikuwa mufupi."

Tukaona giza, mulango umefungwa. Wakuu, hapa ndipo moyo wangu unakwama kila mara. Tulisikia viatu vya Anaclet pale inje, vile vyenye chuma chini, ko, ko, ko, anazunguka. Alikuwa angali pale! Tungepiga kelele angefungua.

Lakini tulikaa kimya. Sisi tuliamini moteri. Moteri imeamuka, basi ni saa tisa, basi tumechelewa kufunga, na Mikono-Nyuma mwenyewe ndiye amekuja kufunga na komi wake. Melkiori aliziba kinywa changu na mukono, iko anacheka.

"Nyamaza. Ngoja bwana aende kwanza, tutamuita komi polepole, asije akatufukuza kwa uvivu."

Tukangoja viatu. Ko, ko, vikaenda mbali. Tukaita polepole. Kisha kwa nguvu. Kisha tukapiga mulango na kasha. Moteri ilikula kelele yetu yote. Inje hakuna muntu, ni jumamosi.

Tulikuwa na kaputula na singleti.

Ya usiku ule sitayamaliza. Tulirukaruka. Tulipigana mangumi kwa makusudi tupate moto. Aliimba nyimbo za kanisa kwa Kirundi mupaka midomo ikakataa. Mara moja akasema, "Mama akiniona sasa, atajua ile barafu ilikuwa ya kweli." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Mwisho alinikumbatia kwa nyuma, akatufunika na magunia, akaweka mengi upande wangu. Nilimwambia agawe sawasawa. Akasema, "Weye mutu wa maji hauna nyama, nyamaza."

Asubuhi mulango ukafunguliwa. Anaclet na rafiki yake mumoja wa cercle, na kapu la barafu, wamevaa nguo za misa. Nikaanguka nusu inje, kwenye sakafu ya simenti, Melkiori juu yangu. Mwanga uliniumiza macho, lakini niliona.

Niliona Anaclet anatazama. Rafiki akakimbia kuita Mikono-Nyuma.

Na Anaclet, kabla ya kutuwekea mukono, kabla ya kuuliza nani angali anapumua, alikwenda kwenye kasha. Akafungua. Akarudisha kipini chekundu pale pa saa tisa. Akafunga kasha, akapangusa vidole na kitambaa.

Kisha akarudi akasimama juu yetu. Mikono-Nyuma alipotokea, neno la kwanza la Anaclet lilikuwa: "Wezi, Bwana. Niliwaachia jana saa sita waende kwao. Waliingia usiku kuiba samaki, mulango ukawafungia."

Minye ulimi haukusogea. Kipini kilikuwa mahali pake, hakuna cha kuonyesha ya kuwa yeye alifika pale muchana. Nilipopata kusema, hospitalini, vidole vimeshakatwa. Nani alisikiliza? Rafiki yake alisema hakuona kitu. Nilitoka hospitali nikaingia gereza. Nikatoka gereza, muke wangu amerudishwa kwao.

Melkiori alizikwa haraka haraka, bila watu. Mama yake alifika Uvira kwa miguu, wakamwambia kwenye barza, mbele ya watu: mwanao alikuwa mwizi. Hakulia pale. Aliomba gunia alilofunikwa nalo, akalikunja, akalibeba kichwani, akarudi Nyakabere.

Muke wa Melkiori alibaki na mimba, binti yao akazaliwa baada ya ile. Sasa ni bibi. Mwaka jana mujukuu wake alikataliwa muchumba pale Luvungi, wazee wa upande wa pili wakasema, "Ni damu ya yule mwizi wa samaki." Miaka yote hii, wakuu! Samaki gani? Tulikuwa mu kazi!

Nilichojifunza ni kidogo. Kabla ya kufunga mulango wowote, ita: "Kuna muntu?" Watoto wangu wananicheka, naita hata mbele ya kabati. Wacha wacheke.

Ninyi wengine wenye wazee waliofanya kazi pale frigo, waulizeni, muandike hapa chini wanachokumbuka. Hata kidogo.

Lakini weye, Mtoto wa Anaclet, minye nangoja jibu lako. Usiniletee picha ya baba yako na kofia. Nenda ukae naye, umusomee uzi huu wote, na umutazame mikono wakati unasoma. Kisha umuulize: baba, nani alirudisha kipini chekundu? Sitaki kitu chake kingine chochote. Nataka aseme kwa kinywa chake, ungali na simu mukononi unarekodi, ya kuwa Melkiori wa Nyakabere hakuiba. Nitaipeleka ile sauti mwenyewe mupaka kwa binti yake, na Luvungi kwa wale wazee.

Aliyefunga bila kuita anaweza kusema hakujua. Aliyerudisha kipini alijua.

Ajibu angali anapumua.