Vikaratasi vya Harusi Juu ya Tanzia

Yustus alikuwa na ofisi ya chumba kimoja mjini Kayanga, na humo ndimo ilimozaliwa tovuti ambayo watu wengi wa Karagwe na Kyerwa waliifungua kila asubuhi kutazama bei ya kahawa, nani anaoa na, zaidi ya yote, nani amefariki. Aliionea fahari kama mtoto wa kwanza, na mtu mwenye fahari ya namna hiyo kumshauri ni kazi.

Siku ya kupanga matangazo ya biashara, Mackrine, mwandishi wake wa habari, alimsihi achague utepe mwembamba chini ya ukurasa, na kurasa za tanzia zisiwekwe chochote. Yustus akacheka. Utepe huo nani atauona? Yeye alishapenda mpangilio mwingine: kisanduku kinachochomoza katikati ya kioo na kufunika maandishi, huku vikaratasi vya rangi vikidondoka kutoka juu. Mwenye duka la mapambo ya harusi kule Omurushaka alipoonyeshwa, alipiga makofi. Kompyuta ilipouliza kisanduku kitokee kwenye kurasa zipi, Yustus akabonyeza: zote. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki haikuisha, Mzee Elpidius wa Nyabiyonza akafariki. Huyo ndiye aliyemsimamia Yustus ubatizo, na baba yake mzazi alipokufa, ndiye aliyemsomesha. Yustus aliiandika tanzia kwa mkono wake huku analia, akaweka picha ya mzee akiwa ndani ya koti lake la Jumapili, akaituma mtandaoni bila kuitazama mara ya pili.

Asubuhi alipigiwa simu na Cleophace, mtoto wa marehemu.

"Yustus, baba yangu hajazikwa, na wewe unawakaribisha watu harusini?"

Akaifungua tanzia kwenye simu yake. Vikaratasi vya rangi vilikuwa vinamdondokea mzee usoni, na chini yake maneno makubwa: Njoo tusherehekee! Alikiondoa kisanduku upesi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Tanzia ilikuwa imesomwa hadi Murongo.

Kutokwenda msibani kungekuwa tusi la pili, kwa hiyo akapanda bodaboda, moyoni akitamani njia isifike mwisho. Alipoingia uani, wanaume waliokuwa chini ya turubai walinyamaza. Hakuna aliyesogea ili akae. Hakuna aliyemtukana pia, na hilo ndilo lililomuumiza, maana tusi angalau lingempa cha kujibu. Aliona aibu hata ya mikono yake, hajui aiweke wapi.

Mjane, Mama Eustadia, alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Yustus akapiga magoti, akamwamkia na kumpa pole. Maneno ya kuomba radhi alikuwa ameyapanga njia nzima, lakini mama alimwahi, akamshika mkono.

"Wajukuu wamenionyesha kwenye simu, mwanangu. Umemmwagia baba yako maua. Hata niliowazaa hawakulikumbuka hilo."

Mama huyu hakujua kusoma. Wanawake waliojua wakainamisha nyuso zao. Akaomba simu ya mjukuu, akaitazama picha ya mumewe kwa muda.

"Mbona sasa hayadondoki?"

Ukweli ulimfika Yustus kwenye ncha ya ulimi. Akautazama uso wa yule mama, akaumeza.

"Ni mtandao, mama."

"Basi ukitengemaa, ummwagie tena."

Akamwekea mkono kichwani, akamwomba Mungu amzidishie mtoto huyu moyo wake mwema. Wanawake wakaitikia amina. Cleophace, aliyekuwa amesimama mlangoni, naye aliitikia, bila kumtazama. Yustus alibaki pale chini amepiga magoti, na amina yenyewe ikamshinda kutoka.